Vunivalu wa Bau: Cheo Kinachonyweshwa

Kisiwa cha Bau, kilichoko karibu kabisa na pwani ya mashariki ya Viti Levu nchini Fiji, hakifiki hekta 10, na maji yakipwa mtu huweza kuvuka kwa miguu juu ya mwamba hadi kisiwa kikubwa. Ardhi ya kulima ni chache mno. Hata hivyo, katika karne ya 19 jina la Bau lilitisha visiwa vilivyokuwa mwendo wa siku kadhaa kwa tanga, na mkuu wake wa vita, aitwaye Vunivalu, ndiye ambaye mabaharia, wafanyabiashara na makonseli wa Ulaya na Marekani walikuja kumwita mfalme wa Fiji yote. Maelezo mengi kuhusu cheo hiki huanzia kwenye huo ufalme. Naona hapo ndipo yanapopotea njia, kwa sababu ufalme ule ulitengenezwa kwa haja za wageni, ukadumu miaka mitatu, ukaisha. Ilhali cheo cha Vunivalu kilikuwapo kabla yake na kipo hadi leo, na kinachokiweka hai ni jambo ambalo ufalme haukuwahi kuwa nalo: watu maalumu wenye haki ya kukitoa au kukizuia.

Kwanza matamshi, maana hapa msomaji wa Kiswahili ana nafuu kubwa. Tahajia ya Kifiji, iliyotungwa na wamisionari wa Kimethodisti katika miaka ya 1830, huandika kwa herufi moja sauti ambazo sisi huziandika kwa mbili. Herufi b husomwa mb kama katika mbuzi, d husomwa nd, q husomwa ng kama katika ngoma, g husomwa ng' kama katika ng'ombe, na c husomwa dh kama katika dhahabu. Kwa hiyo Bau ni Mbau, Cakobau ni Dhakombau, na kinywaji cha yaqona ni yangona. Jino la nyangumi, ambalo ni tunu kuu ya mila za Fiji, huandikwa tabua na kutamkwa tambua. Lugha hizi mbili hazina undugu na mfanano huo ni sadfa tupu, lakini ni sadfa inayosaidia kukumbuka, kwa kuwa kazi ya jino hilo ni kutambuana: hutolewa wakati wa kuposa, kuomba radhi, kuomba msaada wa vita au kuomboleza, na aliyelipokea amelitambua ombi wala hawezi tena kujifanya hakulisikia.

Jina la cheo lenyewe limeundwa kwa maneno mawili mazito. Vu ni shina au asili, na valu ni vita. Vunivalu, basi, ni shina la vita. Shina hilo halikuwa juu kabisa. Juu yake alikaa Roko Tui Bau wa ukoo wa Vusaratu, mkuu mtakatifu, na Vunivalu wa ukoo wa Tui Kaba alikuwa mtendaji: mwenye kuamuru mitumbwi, kukusanya wapiganaji na kushughulika na mambo ya kila siku. Mgawanyo wa namna hiyo, wa mkuu anayekaa na mkuu anayetenda, haukuwa wa Bau peke yake. Tonga nayo iliujua. Kilichotokea Bau ni kwamba kufikia mwanzoni mwa karne ya 19 anayetenda alikuwa amempita anayekaa. Bunduki zilikuja na meli za wafanyabiashara wa msandali na majongoo bahari, vita vikaongezeka, na kila ushindi ulimwongezea heshima yule aliyeuongoza. Cheo cha Roko Tui Bau hakikufutwa lakini kilisogezwa pembeni, na kimeendelea kushikwa hadi zama zetu. Ratu (jina la heshima la mwanamume wa ukoo wa wakuu) Joni Madraiwiwi, mwanasheria aliyekuwa Makamu wa Rais wa Fiji kuanzia mwaka 2005 hadi mapinduzi ya Desemba 2006, alikuwa Roko Tui Bau.

Hata katika miaka hiyo ya nguvu, Vunivalu hakuweza kusimama peke yake. Mwaka 1832 Vunivalu Tanoa alifukuzwa Bau na wakuu wenzake. Mwanawe kijana, Seru, aliachwa kisiwani, na kwa miaka mitano aliishi kimya miongoni mwa waasi huku akiwavuta upande wake, mmoja baada ya mwingine, wavuvi wa Lasakau, ambao kijiji chao ni kimojawapo cha vijiji vitatu vilivyobanana juu ya kisiwa kile. Mwaka 1837 aliwageuka waasi usiku mmoja, baba yake akarudishwa, na Seru akapata jina la Cakobau, ambalo ndani yake mna maana ya ubaya uliolifika Bau. Watu hupenda kukisimulia kisa hiki kama habari ya ushujaa wa mtu mmoja. Mimi hukisoma kama habari ya Lasakau: mkuu wa vita alirudi kitini siku ile wavuvi walipokubali arudi.

Ndiyo maana ni lazima kuitazama kwa karibu namna mkuu anavyosimikwa. Katika jamii ya Kifiji kila ukoo ndani ya vanua, yaani ardhi pamoja na watu wake, una kazi yake ya kurithi. Wapo sauturaga, ambao humsimika mkuu na kumshikia mamlaka; wapo matanivanua, wasemaji wa mkuu, ambao jina lao lina maana ya uso wa nchi; wapo bete, makuhani wa zamani; wapo bati, wapiganaji wa mpakani; wapo gonedau, wavuvi. Mkuu anatoka katika ukoo wa wakuu, hilo halina ubishi, lakini damu humpa sifa ya kufikiriwa tu. Cheo chenyewe huja kwa kikombe. Neno la Kifiji linalotumika ni vagunuvi, na kwa bahati njema Kiswahili kina mnyambuliko uleule: ni kunyweshwa. Hakuna anayekunywa kikombe hicho kwa mkono wake mwenyewe kwa kuamua kwamba zamu yake imefika.

Watu huketi sakafuni wamekunja miguu. Bakuli kubwa la mbao lenye miguu mifupi, liitwalo tanoa, huwekwa likimwelekea mkuu, na kutoka kwenye bakuli hilo hunyooshwa kamba iliyosokotwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi, ikiwa na kauri nyeupe mwishoni, ncha yake ikielekezwa kwake. Baada ya kamba hiyo kunyooshwa hakuna anayepita kati ya bakuli na mkuu. Mizizi ya yaqona iliyopondwa huchanganywa na maji na kuchujwa, na kazi hiyo hufanywa kwa ukimya kiasi kwamba unasikia maji yakidondoka. Kisha kikombe cha kifuu cha nazi hujazwa na kupelekwa. Mkuu hunywa bila kupumzika hadi mwisho, mpelekaji hutangaza kwamba kikombe ni kikavu, na waliohudhuria hupiga makofi mazito kwa viganja vilivyokunjwa, makofi yenye sauti ya kina kama ya kugonga mtungi. Anayefuata kunywa ni msemaji wake. Katika sherehe ya kusimika, muda ule wa kumeza ndio unaotenganisha mtu wa kabla na mtu wa baada; sehemu nyingi za Fiji humfunga pia kitambaa cha masi, nguo ya magome ya mti, kuwa alama. Msomaji wa pwani anayeijua siwa ya Lamu na heshima yake ataelewa mara moja kwamba chombo hapa kina uzito kuliko hotuba.

Tanoa alifariki Desemba 1852, na Cakobau alinyweshwa mwaka uliofuata. Mwaka 1854 alikubali Ukristo, na Aprili 1855, kwa msaada mkubwa wa mfalme wa Tonga, aliwashinda wapinzani wake katika vita vya Kaba. Ndani ya kanisa la Bau lipo jambo moja ambalo huniathiri kuliko tarehe hizi zote. Jiwe ambalo mateka walikuwa wakipasuliwa vichwa juu yake, mbele ya hekalu la zamani la vita, lilichukuliwa likafanywa chombo cha maji ya ubatizo. Watu wa Bau hawakulitupa baharini wala kulizika. Waliliingiza ndani, na watoto wamebatizwa kwalo. Sijui kama kuna namna iliyo nyofu zaidi ya kukiri yaliyopita.

Ufalme nao ulianza na deni. Tarehe 4 Julai 1849 nyumba ya wakala wa Marekani, John Brown Williams, iliungua wakati wa sherehe za uhuru wa nchi yake, na mali ikaporwa. Madai yaliongezewa mengine na kuvimba mwaka hadi mwaka hadi kufikia kiasi cha dola 45,000, na makapteni wa manowari za Marekani walihitaji mtu mmoja wa kumdai. Cakobau alikuwa amekwisha kuitwa na baadhi ya wageni Tui Viti, mfalme wa Fiji, jina lisilokuwa na ukoo wa kulitoa, lisilokuwa na kikombe, na lisilotambuliwa na wakuu wengi wa visiwa vile. Jina hilo lisilo na mizizi ndilo lililobebeshwa deni. Aliahidi kuikabidhi nchi kwa Uingereza mwaka 1858 iwapo Uingereza ingelilipa, akakataliwa mwaka 1862. Mwaka 1868 kampuni moja ya Melbourne ikakubali kulilipa kwa ahadi ya ardhi kubwa ambayo sehemu yake hata haikuwa ya Bau. Serikali ya mwaka 1871, Cakobau akiwa mfalme, ilijaa walowezi na ikalemewa haraka. Tarehe 10 Oktoba 1874, mjini Levuka, yeye na wakuu wengine 12, akiwemo Ma'afu wa Tonga aliyekuwa mpinzani wake mkubwa, walitia sahihi hati ya kuikabidhi nchi.

Siku hizo alitoa rungu lake la vita lipelekwe kwa Malkia Victoria. Rungu hilo lilirudishwa Fiji mwaka 1932 likiwa limenakshiwa kwa fedha, na ndilo limekuwa siwa ya Bunge. Lakini kilichokuja kwanza kutoka kwenye makabidhiano yale kilikuwa surua. Cakobau na wanawe walikwenda Sydney kuonana na gavana, wakaugua huko, na Januari 1875 walirudi katika manowari ya Dido. Wakuu kutoka kila upande walikuja kumlaki na kukaa naye, kama mila ilivyowataka, kisha wakarudi makwao na ugonjwa. Walikufa watu wapatao 40,000 katika nchi iliyokuwa na watu 150,000 hivi. Njia zilezile za heshima zilizoifanya Bau kuwa Bau ndizo zilizoupitisha ugonjwa, na hakuna anayeweza kuielewa huzuni ya Kifiji kuhusu mwaka ule bila kulijua hilo.

Gavana Arthur Gordon alipofika mwaka huohuo aliamua kutawala kupitia kwa wakuu. Mwaka 1876 Baraza Kuu la Wakuu likaanzishwa rasmi, biashara ya kuuza ardhi ya wenyeji ikazuiwa, na kwa kuwa Wafiji waliachwa vijijini, vibarua wa mashamba ya miwa waliletwa kutoka India, zaidi ya 60,000 kati ya mwaka 1879 na 1916. Nakiri kwamba sera hiyo iliokoa ardhi: leo zaidi ya asilimia 80 ya nchi ipo mikononi mwa koo za wenyeji, jambo ambalo makoloni mengi ya walowezi hayawezi kulisema. Lakini ililigandisha pia lile lililokuwa likitembea. Tume za ardhi zilizunguka kuuliza nani ni mkuu wa nani, zikaandika jibu la siku ile, na jibu la siku ile likawa sheria ya daima. Koo zilizokuwa zikipanda na kushuka kwa nguvu ya watu waliowaunga mkono zilijikuta zimebandikwa mahali pamoja katika daftari. Tangu hapo ugomvi wa cheo Fiji umekuwa na milango miwili, mmoja wa wenye kikombe na mwingine wa ofisi, na anayeshindwa katika mmoja hukimbilia mwingine.

Mtu wa mwisho kushika cheo cha Vunivalu katika karne ya 20 alikuwa Ratu Sir George Cakobau, kitukuu wa yule Cakobau aliyetia sahihi Levuka, aliyesimikwa mwaka 1957 na baadaye, kuanzia mwaka 1973 hadi 1983, akawa Mfiji wa kwanza kuwa Gavana Mkuu. Alifariki Novemba 1989. Baada ya hapo kiti kilikaa wazi kwa zaidi ya miaka 30. Matawi ya ukoo wa Tui Kaba hayakuafikiana, majina kadhaa yalitajwa, na mwaka baada ya mwaka magazeti ya Suva yaliripoti mikutano isiyozaa kitu. Wengi waliandika kwamba hiyo ilikuwa dalili ya mila kufa. Sikubaliani nao. Kama cheo kingekuwa kimekufa, mtu yeyote mwenye fedha na jina angekiokota, na serikali zilizopita zingempa kwa furaha aliyekuwa upande wao. Hakuna aliyethubutu, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba Vunivalu asiyenyweshwa na wenye haki ya kunywesha angekuwa mtu aliyevaa nguo nzuri tu. Kiti kitupu kilikuwa ushahidi kwamba kanuni bado inashika.

Gharama yake, hata hivyo, ilikuwa kubwa, na ni lazima isemwe. Vunivalu ndiye kichwa cha Kubuna, mojawapo ya mashirikisho matatu ya Fiji pamoja na Burebasaga na Tovata. Mei 2000, George Speight, mzaliwa wa Tailevu, mkoa uleule wa Bau, alipoliteka Bunge na kulishika kwa majuma kadhaa akidai kusema kwa niaba ya Wafiji wenyeji, hapakuwa na Vunivalu wa kumwambia mtu wa nchi yake kwamba hana ruhusa hiyo. Huenda Speight asingemsikiliza. Lakini vijana waliomiminika bungeni kutoka vijiji vya Tailevu walikuwa watu waliolelewa kusikiliza, na sauti ya kuwaita warudi nyumbani haikuwapo.

Baada ya mapinduzi ya Desemba 2006, mkuu wa majeshi aliyeyaongoza, Frank Bainimarama, alilisimamisha Baraza Kuu la Wakuu mnamo Aprili 2007, lilipokataa pendekezo lake la Makamu wa Rais, na mwaka 2012 akalifuta kwa amri. Aliyekataliwa na wakuu alikuwa Ratu Epeli Nailatikau, mwenyewe wa uzao wa Cakobau, ambaye baadaye alikuwa Rais hadi mwaka 2015. Hoja ya Bainimarama ilikuwa na uzito: Baraza lilikuwa limeunga mkono malengo ya mapinduzi ya mwaka 1987, na chini ya Katiba ya 1997 lilimchagua Rais na kupendekeza maseneta 14 kati ya 32, wakati zaidi ya theluthi moja ya raia, wenye asili ya India, hawakuwa na nafasi ndani yake. Hata mimi sidhani kwamba wakuu walistahili kumchagua Rais wa wananchi wasiowatambua kuwa wakuu wao. Ila amri ile haikuishia kwenye madaraka ya kikatiba. Ilikata pia pale ambapo watu wa koo walikutana kujadili ardhi yao, lugha yao na vijana wao, na hapo askari hawakuwa na la kusema.

Baraza lilirudishwa mwaka 2023 chini ya Waziri Mkuu Sitiveni Rabuka, yeye mwenyewe aliyeongoza mapinduzi ya 1987. Tarehe 14 Mei mwaka huo aliwaomba radhi hadharani wazao wa vibarua waliotoka India. Siku kumi baadaye wakuu walikutana Bau, wakapokewa na Ratu Epenisa Cakobau, Vunivalu aliyekijaza hatimaye kile kiti kitupu. Safari hii Baraza limerudi bila mamlaka ya kumchagua Rais, na naamini huo ndio mpaka unaofaa. Ratu Naiqama Lalabalavu, mwenye cheo cha Tui Cakau kinachoongoza Tovata, alichaguliwa kuwa Rais mwaka 2024 kwa kura za wabunge. Kura hizo ni za wananchi wote, na kikombe chake ni cha watu wa nchi yake, Cakaudrove.

Linalobaki kunisumbua ni swali la nani anaruhusiwa kufikiriwa. Katika miaka ile ya kiti kitupu, jina la Adi (heshima ya mwanamke wa ukoo wa wakuu) Samanunu Cakobau, binti wa Sir George na aliyewahi kuwa balozi nchini Malaysia, lilitajwa mara nyingi. Alifariki mwaka 2012 bila kunyweshwa. Upande wa pili wa delta ya mto Rewa, katika nchi ya Rewa iliyo jirani na Bau, cheo kikuu cha Roko Tui Dreketi kilishikwa na Ro Lady Lala Mara hadi alipofariki mwaka 2004, na kikombe kikaenda kwa mdogo wake, Ro Teimumu Kepa. Bau na Rewa zilipigana kwa zaidi ya miaka kumi kuanzia 1843, zikaoana kabla na baada ya hapo, na kila upande unaijua mila ya mwenzake kama mpwa anavyoijua nyumba ya mjomba. Wanaomnywesha Vunivalu wamekwisha kumwona mwanamke akishika kikombe cha Rewa na watu wake wakimpigia makofi, na hakuna daftari linalowazuia kufanya hivyo kwao.